Kura ya Mpakani

Jumatatu saa mbili, Maseno, darasa la chini,
Bi. Kadenyi huingia mikono mitupu,
huandika neno moja ubaoni, HAKI,
kisha hukaa. Hukaa hasa.
Tunasikia malori ya Busia yakibadilisha gia.
Anayekohoa ndiye huulizwa.

Saa nane, jengo lile lile, ghorofa ya juu,
Daktari Omuga ana takwimu za kila wadi:
nani alishinda, kwa kura ngapi,
siku hiyo mvua ilinyesha au haikunyesha.
"Haki," husema, "nileteeni kwa tarakimu."
Kati ya saa hizo mbili mimi hula chapati kwa maharagwe
nikipanda ngazi polepole,
la asubuhi halijashuka tumboni, la mchana lishanukia.

Mama huwaambia wenzake soko la Majengo
kwamba nasomea siasa na kitu kingine.
Nilicheka. Kisha, usiku, kwenye kitanda cha bweni,
sikucheka tena:
hicho kitu kingine ndicho hasa sikijui jina.

Mwaka wa uchaguzi mjomba Asava akagombea wadi.
"Wewe una kisomo," akanipigia,
"njoo uwe ajenti wangu, ulinde zangu."
Nikaketi dawati la darasa la tatu, magoti kidevuni,
ukutani jedwali la mara saba,
nje kanisa la Marafiki limefungwa na mbwa amelala mlangoni.
Saa tano usiku taa ya sola ikaanza kufifia.
Msimamizi, Bwana Lumbasi, mwalimu wa hisabati,
aliinua karatasi moja moja kama anayekagua noti bandia:
Asava. Asava. Kisia.
Kisia. Asava. Kisia. Kisia.
Kisha akanyamaza.

Tiki ilianzia kisandukuni mwa Asava,
ikateleza, ikavuka mstari,
mkia wake ukalala kwa Kisia.
Ombima, ajenti wao, bado na koti lake la bodaboda,
akasema, "Hiyo yetu. Tazama ilikokuwa ikienda."
Nikasema, "Yetu. Tazama ilikotoka."
Polisi akapiga mwayo.
Lumbasi akanigeukia: "Wewe wa chuo.
Kama si ya mjomba wako, ungesemaje?"

Hapo Bi. Kadenyi angekaa.
Hapo Omuga angeuliza, tofauti ni ngapi?
Mimi niliutazama ule mkwaruzo wa kalamu,
jinsi ulivyotetemeka ukipanda,
na mikono inayotetemeka hapa kijijini naijua,
haizidi sita,
mmoja ni wa nyanya yangu
aliyemzaa Asava.

"Imekataliwa," nikasema. "Andika imekataliwa."
Ombima akanitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji zaidi.
Tukatia sahihi, fomu ikabandikwa mlangoni kwa gundi ya ugali.
Mjomba alishindwa kwa kura thelathini na nane;
ile moja isingemnunulia hata kiti cha nyuma.
Lakini habari huenda kwa miguu yake,
na hadi Krismasi salamu zangu alizipokea kwa kidevu.

Jumamosi kabla ya chuo kufunguliwa
nilipita kwa nyanya kumuaga.
Wino ulikuwa bado umeng'ang'ania ukucha wake.
Akaniuliza mtihani ni lini, na kama huko hulala na soksi.
Nami nilikuwa na swali, nimelinoa njia nzima,
nimelipanga kwa hoja, ya kwanza, ya pili,
nikalishika ulimini mpaka likayeyuka.

Akainua birika.
Chai ilianzia kikombeni, ikateleza,
ikamalizikia kisahanini.
Akanywa kikombe.
Kisha akainua kisahani, akakipuliza,
akanywa nacho.