Sitini na Sita

Barua ipo mlangoni mwa jokofu, imebanwa na sumaku ya jogoo.
Wanataka jibu Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.
Leo Jumatano. Theluji inayoangukia Debrecen
haijui kama ni theluji au mvua,
wala mimi sijui.

Miaka tisa natengeneza meno ya watu.
Nta, jasi, plastiki ya waridi kwa ufizi.
Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame
hawakusema ainame mpaka lini.
Nimeinama hadi shingo imepinda,
na mvunguni nimekuta magego.

Bwana Szilárd hataki niondoke.
Jana ameweka funguo mezani, kando ya tanuri:
"Nusu ya karakana ni yako, Emőke. Macho yangu yamechoka."
Funguo mbili na kifungulio cha chupa.
Hiyo si ahadi ya hewani. Ni kodi ya nyumba, ni radieta yenye moto,
ni baba kuacha kuniuliza kila Jumapili,
kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni:
"Na huko Budapest utakula makofi?"

Mama hucheka. Nami hucheka.
Kicheko changu ni cha kuigiza, na hawajakigundua bado;
mwaka wa tatu sasa.

Csongor alikipitia chuo hichohicho, miaka mitano, cheti na muhuri.
Siku hizi anauza magodoro pembezoni mwa mji.
Nilimfuata dukani nimwulize ukweli.
Akasema, lala. Nikalala na viatu.
Akasimama akanieleza habari za springi
kwa sauti iliyotoka chini ya mbavu, sauti iliyosomeshwa,
mpaka mama mmoja aliyekuwa akipita akafuta macho,
akanunua mawili.
"Unajuta?"
"Nijutie nini?" akasema, na sikujua
kama alikuwa ananijibu au alikuwa kazini.

Ya usaili sijamwambia mtu.
Walikuwa watano nyuma ya meza, na jagi la maji.
Nilikuwa nimekariri kurasa mbili. Nikafungua kinywa:
kweupe. Hata kiunganishi hakuna.
Kikaja kile tu ninachowasemesha wazee
wanapojaribu meno mapya, tusikie kama hewa inavuja:
sitini na sita, sitini na saba.
Basi nikasema sitini na sita kama mtu aliyepotelewa na mtoto sokoni.
Sitini na saba, yule pale.
Sitini na nane, siye.
Nilipofika sabini nilikuwa nimeketi sakafuni,
na mwanamke wa pembeni, mwenye shali ya kijani,
alikuwa ameacha kuandika.

Nina miaka thelathini na mmoja.
Darasani nitakuta vijana wa kumi na tisa wenye magoti mazima.
Sijui kama chuo hukikuza kitu kile au hukitibu.
Huenda wakanifundisha kutosahau,
na kusahau ndiko kulikonifikisha.

Ijumaa. Saa tano na nusu.
Bibi Etelka yumo kitini na meno yake mapya,
mkoba mapajani, kofia hajaivua.
"Sema, bibi."
Sitini na sita, anasema. Sitini na saba. Hakivuji kitu.
"Inatosha."
Lakini haachi. Sabini na moja, sabini na mbili, polepole,
kila namba anaitafuna kwanza, anaonja,
sabini na tisa anainyamazia kidogo,
mpaka themanini na nne.
"Hapa ndipo nilipo," anasema, na kuomba kioo.

Nimetoka uani na simu.
Funguo za Bwana Szilárd zimo mfukoni, sijazirudisha wala sijazipokea.
Upande wa pili mtu amesema halo.
Amesema halo tena.
Mikono ina jasi hadi viwikoni, imeanza kukauka, inavuta ngozi.
Nafungua kinywa.