Midomo ya Sikudhani

Chumba changu cha sauti ni futi nane kwa sita,
Buguruni, nyuma ya fundi friji.
Ukutani nimebandika trei tupu za mayai
ili jogoo wa jirani asiingie kwenye filamu.
Humu ndani mimi ni shujaa, mimi ni mama mkwe,
ni inspekta mla rushwa, ni mtoto anayelia,
wote kwa koo moja na chupa ya tangawizi.
Kihindi nakijua kwa kuibia.
Kitelugu sikijui kabisa: nafuata maandishi ya chini,
yakinipita, natunga.

Alhamisi ikaja mpya, kwenye flashi.
Dakika ya arobaini na moja
anashuka ngazi mke wa jambazi,
sari ya kijani, hereni hadi begani.
Nikasimamisha.
Huyu si Sikudhani?

Sikudhani wa Bi Mwanamvua, wa Ilala,
aliyepima vitambaa Kisutu, dukani kwa Jamnadas,
miaka sita na rula ya mbao,
mita tano na nusu, mita tano na nusu,
na bosi akienda hekaluni
anajifunga sari mbele ya kioo, moja baada ya nyingine,
anazikunja upya, mikunjo ileile.
Aliposema anakwenda Haidarabadi kuigiza
tulicheka mpaka muuza genge akauliza kuna nini.
Utaigiza nini huko, wewe?
Akasema: sijui. Nitaanzia nyuma.

Na kweli alianzia nyuma.
Nimezipekua kazi nilizokwisha kutafsiri na kusahau:
yupo harusini, nusu uso, nyuma ya mpiga ngoma;
yupo uwanja wa ndege anavuta begi la mtu;
mara mbili ameshakufa kabla ya wimbo wa kwanza.
Na mimi, mshenzi, juu yake nikipayuka
"Cheki hilo zimwi, limetoka kwetu!"
nikitafuta kicheko cha vibandani.
Nilicheka na mwenyewe. Imo kwenye rekodi.

Sasa kapewa maneno.
Lakini sauti si yake, wamemtilia ya mwanamke mwingine,
nyembamba, imekolea sukari,
na juu ya hiyo niweke yangu, ya mtu mzima mwenye mafua.
Watu wawili tumemkalia kifuani.

Ndipo nikatazama midomo.

Maandishi ya chini: Bila wewe, mfalme wangu, hata pumzi ni deni.
Midomo haisemi hivyo.
Nikarudisha. Nikazima sauti zote.
Inafumba mara moja, inaachia,
halafu inafumba mara mbili, upesi.
Nimekula, mama.
Ukutani kwa jambazi, chini ya taa za bei mbaya,
machozi yanashuka kama alivyoagizwa,
na chini ya machozi anamjibu Bi Mwanamvua
ambaye kila simu, kabla ya salamu, huuliza: umekula?

Nikawasha maiki, nikasema nilichokiona.
"Nimekula, mama."

Jumamosi, kwenye banda la Malapa, wakapiga miluzi.
DJ kalewa! Jambazi ndiye mama yake?
Mwenye banda akanipigia, anadai elfu kumi na tano zake.
Nikamrudishia.

Nakala nyingine nikaipeleka Ilala.
Bi Mwanamvua alitazama amesimama, ungo wa mchele mkononi,
hakuuliza jambazi ni nani
wala kwa nini nyumba moja ina ngazi nyingi hivyo.
"Rudisha."
Nikarudisha.
"Punguza hiyo sauti yako."
Nikapunguza mpaka sifuri.
Akasogelea kioo, karibu kabisa,
akaokota chuya moja, akaitupa mlangoni.

"Muongo," akasema.
"Tazama mifupa ya shingo."