Mgongo wa Picha

Duka langu la fremu liko Ruwi,
kati ya fundi viatu na Mhindi wa saa.
Bwana Hilal Al-Mahruqi aliniletea picha ndogo:
meza, jagi, malimau matatu.
"Nibadilishie mbao," akasema, "hizi zimeliwa."

Nikailaza kifudifudi.
Picha ina mgongo kama mtu,
na huu ulikuwa na makovu:
nambari kwa chaki ya samawati,
muhuri wa tai uliokwanguliwa kwa kisu,
na chini kabisa, kwa mwandiko wa kike,
maneno ya Kijerumani.
Binti wa jirani akanisomea:
*O. Wachsmann, Breslau. Chumba cha kulia.*

Kulia chakula, au kulia machozi?
Kwao ni maneno mawili, akasema.
Kwetu ni hilo hilo moja.

Barua miezi mitano.
Mjukuu yuko Montevideo, anafundisha hesabu.
Hakuniuliza bei. Aliandika:
"Tazama kona ya chini, kulia. Kuna alama ya moto.
Ijumaa moja mshumaa uliinama.
Bibi hakumsamehe mama,
na baadaye hapakuwa na muda."

Nikatazama.
Ipo. Kubwa kama punje ya dengu.

Bwana Hilal akasema: "Nina risiti."
Nikamwambia, hata mama alikuwa nayo,
ya kasha lililobaki Wete tulipoondoka.
Miaka arubaini baadaye akaliona
kwenye kalenda ya hoteli, limewekewa maua.
Safu ya juu, msumari wa tatu haupo.
Alikandamiza kidole papo hapo
kila asubuhi baada ya chai,
hadi Machi ikatoboka.

Hakujibu. Alichukua funguo za gari akatoka.
Wiki sita sikumwona.
Alhamisi moja akasimama mlangoni, hakuketi:
"Ipeleke. Ila usinisimulie waliipokeaje."

Nikaifunga kwa blanketi,
na zile mbao zilizoliwa nikazitia pia,
pamoja na misumari yake kwenye bahasha.

Posta wana fomu yenye visanduku vitatu:
biashara, sampuli, zawadi.
Nikaandika pembeni: *cha mwenyewe*.
Karani akasoma, akasoma tena,
foleni nyuma yangu ikakohoa,
akapiga muhuri kwenye zawadi.