Utepe Ukirudi Nyuma

Muhoroni, mwisho wa mwezi, baada ya mshahara
na kabla ya madeni,
walitundika shuka la hospitali ukutani mwa stoo ya sukari.
Lilikuwa na kiraka,
kwa hiyo kila mfalme aliyepita pale
alipita na kiraka usoni.

Spika ilikufa Koru, alisema Nyangweso wa mashine,
lakini kunyamaza hakuweza:
"Mama wa kambo huyo! Pua kama jembe
lililosahauliwa mvuani!"
Katuni kuukuu, nyeusi na kijivu.
Panya wakashona gauni, boga likavimba likawa gari,
na kile kiatu cha kioo.
Awino, asiye na hata ndara, akauliza kwa sauti,
"Kikimvunjikia mguuni, nani atalipa zahanati?"

Harusi. Kengele. Watu wakakunja magunia waliyokalia.
Nyangweso akaanza kurudisha utepe,
akasahau kuzima taa.

Bibi harusi akatoka kanisani kinyumenyume.
Gari likanywea.
Panya wakafumua gauni uzi kwa uzi,
majivu yakamruka nguoni yakarudi mekoni,
mama wa kambo akatoka mlangoni kisogo mbele,
na masanduku yake, na pua yake,
akaenda zake.
Kisha lile kaburi la mwanzo,
ambalo Nyangweso alilipitia bila mzaha.
Machozi yakapanda mashavuni.
Udongo ukarukia sepetu.
Na kitandani, mama
akafumbua macho.

Nilikuwa na miaka tisa.
Mkono wa kushoto wa nyumba yetu
udongo wa Februari ulikuwa haujaota nyasi.

Taa ikazimwa. "Samahanini," akasema,
"huo si upande wa kutazamwa."

Nikamfuata hadi kwenye lori.
Nikamwambia: irudishe tena. Harusi siitaki.
Akanitazama, akatazama kichwa changu kilichonyolewa,
akatoa wembe mfukoni mwa shati,
akakata picha tatu ndogo kuliko ukucha.
"Zishike juani," akasema.
"Ukizisoma kutoka juu, anafumba.
Ukianzia chini..."
Hakumalizia. Akapiga lori teke likawaka.

Ninazo hadi leo, katika kopo la dawa ya viatu.
Huanzia chini.

Waliotazama Chemelil wiki iliyofuata
walisema filamu iliruka kidogo mwanzoni:
mama yupo, mara hayupo.
Wakadhani ni ubovu wa mashine.