Mashine Ikinyamaza

Chumba cha pili, Isevya, mlango unaokwaruza sakafu:
upande ule wa ukuta Mrisho Kapalata na kahawa iliyopoa,
upande huu mimi, Kalunde, na taipureta isiyo na R.
Kila rafiki nilimwandika lafiki.
Akasema acha, Unyamwezini ndivyo tulivyozaliwa nalo.
Jina lake mwenyewe likatoka Mlisho;
akasema, afadhali, leo kuna aliyenilisha.

Hakuniuliza hata siku moja kama inachekesha.
Alitega sikio.
Mashine ikienda tatata bila kituo,
alikuja, akachukua karatasi, akaichana.
Mashine ikinyamaza
alijua nimeshika mbavu,
akakohoa kidogo, kama mtu aliyerudishiwa deni.

Mchana alikuwa stesheni, dirisha la mizigo iliyopotea.
Reli ilimletea riwaya kwa kilo:
meno ya bandia ndani ya soksi, kutoka Kigoma,
gunia la dagaa lenye cheti cha ubatizo,
na bwana mmoja aliyedai jogoo.
Akaambiwa athibitishe ni wake.
Akawika. Jogoo akaitika.
Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya Abiria Mwenye Mkia,
kitabu kilichomfanya mkuu wa stesheni
amhamishie Mpanda miezi sita
akapunguze kuona.

Kisha wakaja watu wa sinema kutoka Dar es Salaam,
miwani ya jua mpaka ndani ya nyumba.
Walimpenda jogoo. Walitaka tu awe gari.
Mswada aliuandika mara saba;
mara ya nane jogoo alikuwa gari,
mkuu wa stesheni alikuwa mrembo,
na Tabora ilikuwa Kigamboni.
Wakamlipa nusu. Nusu ya pili, walisema, inakuja.
Labda inakuja kwa treni.

Usiku wa kuionyesha, ukumbi wa reli, shuka ukutani,
umeme ukakatika dakika ya tisa.
Hakuna aliyeondoka.
Akasimama gizani, akaitamka yote
kama alivyoiandika mara ya kwanza,
jogoo akiwa jogoo, sauti kumi na moja koo moja.
Mke wa fundi cherehani ilibidi atolewe nje apepewe.
Sinema yake ni ile. Haina mkanda.

Ila sura ya kumi na mbili,
ile ya mkwe anayemeza pete,
aliiandika wiki tuliyomzika binti yake, Nyamizi.
Homa ya siku tatu, Kitete.
Mashine ilinyamaza.
Upande wa pili hakukohoa mtu.
Tukasikilizana hivyo, ukuta katikati,
kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.
Nikaendelea kupiga, maana mstari uliofuata
ulichekesha kweli,
na hilo ndilo lililoniuma.

Mwaka juzi zamu ikawa yake.
Watani wakaja. Mzaramo mmoja, fundi wa friji,
akaingia kaburini kabla ya mwenyewe,
akajinyoosha, akasema hatoki
bila nauli ya kurudi, daraja la kwanza,
yeye na jogoo wake.
Shehe akauma ndevu, akageukia miti.
Tukachanga elfu saba na mia mbili,
machozi na kicheko vikitoka tundu moja,
na mjane, Bi Tatu, akadai chenji.

Nina daftari lake la mwisho, halikumalizika.
Napiga kurasa mbili kila usiku.
Herufi ile sijaitengeneza.
Jana nilifika pale mlinzi
anapokamatwa na mbwa wake mwenyewe,
vidole vikaacha mashine,
nikangoja ukuta ukohoe.

Chumba kile sasa anakaa kijana wa bodaboda.
Akagonga kwa ngumi:
Bibi! Mbona kimya?
Uko hai?