Tangazo Juu ya Tangazo

Huku kwetu, chini ya milima ya Sliven,
maiti hutangazwa kwa karatasi:
picha, jina, miaka aliyoishi,
gundi kidogo kwenye mlango, kwenye nguzo ya umeme.
Zikitimia siku arobaini, nyingine.
Ukitimia mwaka, nyingine,
ili mvua isitusahaulishe.

Wa kwangu ni Metodi Karaivanov, fundi wa mashine za kufuma.
Miaka miwili ilipotimia, mwezi wa tatu,
nilimbandika upya kituo cha basi.
Anatabasamu kwa shida:
mpiga picha alimwambia atabasamu
na siku ile jino lilikuwa linamuuma.

Leo nimepita, simwoni.
Juu yake yupo Plamen Dyulgerov,
meno thelathini na mawili, yote mapya,
na chini ya kidevu: PAMOJA TUNAWEZA.
Tunaweza nini, hakuandika.

Baba yake namjua.
Ndiye aliyeuza kiwanda chetu kwa bei ya vyuma chakavu.
Mtoto alianza chama chenye jogoo,
akaenda chenye daraja,
sasa yuko chenye herufi moja tu, kubwa, haina maana.
Watu huhama nyumba inapovuja.
Hawa huhama ikiwa kavu
na bomba wakaliacha wazi.

Jumapili tunapiga kura mara ya tano ndani ya miaka mitatu.
Wameleta nyama za kuchoma, bia, tarumbeta,
na mfuko kila mlango: unga kilo mbili, chupa ya mafuta,
kalenda yenye uso wake miezi kumi na miwili.
Nilipokea. Mtasema nini? Unga hauna chama.
Usiku nilikanda mkate, ukaumuka,
kitu cha kwanza kuinuka hapa
tangu kiwanda kifungwe.

Zlatina wa jirani husema: usipopiga, watakupigia.
Mwaka jana nilikwenda basi, nikaliona daftari.
Namba mia moja na kumi na saba, Metodi Karaivanov,
na mbele ya jina, saini.
Saini nzuri, ya mkono uliotulia.
Metodi wangu alitetemeka miaka sita
kikombe hakikufika mdomoni bila kumwagika.

Nikacheka pale pale.
Mwangalizi mmoja, mgeni mwenye kizibao cha njano,
akaniuliza kupitia mkalimani kama naridhika.
Nikainua kichwa, nikakishusha.
Kwetu hiyo ni hapana.
Mkalimani alikuwa anatafuta kalamu yake.
Mgeni akaandika ndiyo.

Jioni hii nimetoka na ndoo ya maji moto
na kisu cha kumenyea viazi.
Nimeanzia kwenye tai, nikapanda.
Gundi yao ni imara, sikatai;
laiti wangejengea barabara.
Chini ya Plamen, kumbe, kuna mwingine, wa masika,
naye alikuwa akitupenda sana.
Chini ya huyo, Metodi,
sikio moja limeondoka na wagombea.

Nimemfuta uso kwa upindo wa aproni.
Maisha yote aliniahidi jambo moja tu,
kwamba atautengeneza mlango wa zizi.
Hakuutengeneza.
Usiku upepo ukivuma unalia,
nami nalala nikiusikiliza.