Kreti Ishirini na Tisa

Asubuhi ile Grójec umande ulikuwa unauma vidole.
Bwana Ziemowit alipanda juu ya trela, akasema:
"Leo chagueni wenyewe.
Zloti nne kwa kreti, kama kawaida,
au shindaneni: atakayewapita wenzake
nampa kumi na mbili kwa kila kreti.
Aliyeshindwa ataenda nyumbani na mikono yake."

Mikono ya wanaume ikachomoka hewani.
Hata wa Bogumił mwenye goti bovu,
ambaye juzi alijaza kreti kumi na moja,
tatu kati yake matufaha yamepondeka.
Hata wa Tymek, aliyefika Jumatatu
na hajajua bado kwamba tunda
hulizungushi kwa nguvu, unalibembeleza.

Wanawake walikuwa wanajifunga vitambaa.
Mama aliitazama ngazi yake,
akaipanda.

Mimi nilishika chaki. Kazi yangu kuhesabu.

Jioni: Radosz, ishirini na sita.
Wakambeba mabegani, kofia zikarushwa.
Mama, ishirini na tisa.
Nikahesabu tena, na tena,
nikidhani chaki imenidanganya.
Bogumił alicheka na kila mtu, akaomba sigara;
baadaye nilimkuta nyuma ya ghala
analisugua goti, kimya.

"Ungewashinda wote," nikamwambia mama njiani.
"Najua."
"Na asubuhi ulijua?"
Akabadilisha kikapu mkono.
"Asubuhi nilijua kodi ni Ijumaa.
Nilijua chupa ya dawa ya bibi yako imebaki kidoleni hapa.
Jagna, mwenye godoro chini yake
ndiye anayeita kuanguka mchezo."

Nikaona amesema kweli, nikalala nayo.

Lakini usiku kiu iliniamsha,
na jikoni taa ilikuwa inawaka.
Mama, miwani puani, penseli mkononi,
nyuma ya bili ya gesi:
ishirini na tisa mara kumi na mbili.
Mia tatu arobaini na nane.
Akafuta. Akaandika tena, polepole,
kama mtu anayejifunza kuandika jina lake.

Kesho yake alitoka kabla ya jogoo wa jirani.
Nilimkuta amesimama karibu na trela,
karibu kuliko alivyowahi kusimama,
mkono wa kulia umetoka mfukoni,
umeinuka kidogo, usawa wa kiuno.

Bwana Ziemowit alipita na ndoo,
akapiga miayo. "Zloti nne," akasema,
"kama kawaida."